Deni la Siku Nane

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Katika nyumba moja ya mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, methali hiyo ilikuja kinyume, kwa kuwa mkopo wenyewe ulianzia matangani, na aliyekopa hakuionja hata hiyo harusi. Mwenye nyumba ni askari polisi. Mkewe ni fundi wa kushona. Cherehani yake hukaa barazani tangu asubuhi hadi jua linapotua nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wana watoto wanne. Si watu wa anasa, wala jina lao halimo katika madaftari ya wenye maduka. Kwa sababu hiyo yaliyowapata yanafaa kusimuliwa, maana ziko nyumba nyingi za watu wa namna yao, kambini na mitaani, ambazo zimekwisha kuipita njia ile ile au zinaikaribia.

SIMU YA USIKU

Katikati ya Julai 2024, usiku wa kuamkia Jumatano, simu ililia. Baba mzazi wa askari yule alikuwa amefariki dunia nyumbani kwake, juu ya kilima kimoja upande wa Muramvya. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye yeye, na ndiye pekee katika ndugu zake anayepokea mshahara. Kabla hajamaliza kulia, walikwisha kuanza kumwuliza: jeneza litatoka wapi? Gari litakuja lini? Waombolezaji watakula nini?

Mtumishi wa serikali nchini Burundi hakuachwa mikono mitupu mbele ya kila dharura. Tangu 1980 iko Mutuelle de la Fonction Publique, ambayo humlipia yeye, mkewe na watoto wake sehemu kubwa ya gharama za matibabu. Tangu 2006 watoto walio chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua hutibiwa bure katika hospitali za serikali. Lakini Mutuelle hainunui jeneza la baba mzazi, wala haikodi gari la kupanda mlima hadi Bugarama. Isitoshe, mwaka ule petroli ilikuwa adimu mjini. Magari yalipanga foleni kutwa kucha, na mwenye gari lililo na mafuta alitaja bei aliyoitaka. Mshahara wa Juni ulikuwa umekwisha, na wa Julai ulikuwa bado wiki mbili.

Asubuhi ile askari alipiga hesabu nyuma ya karatasi ya zamu. Alihitaji faranga 200,000 kabla ya jua kuchwa. Alitoka nyumbani bila kunywa chai, na alipokuwa akivaa viatu mkewe alimwuliza:

"Baba watoto, fedha tutapata wapi?"

"Nitaongea na wenzangu kazini," alijibu. "Usiwe na wasiwasi, mama watoto. Wewe tayarisha watoto kwa safari."

Alijibu hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni upendo. Hakutaka kuongeza mzigo juu ya msiba. Ya pili ni fahari ya mwanamume, ambayo aghalabu huvaa nguo za upendo hata mwenyewe asiweze kuzitofautisha. Hakwenda kwa wenzake, kwa kuwa aliona haya kuanza kuomba mmoja mmoja. Alikwenda kwa bwana mmoja mwenye duka, ambaye kila mtu kazini alimjua, ijapokuwa hakuna aliyewahi kusema amemjuaje.

BANKI LAMBERT

Mjini Bujumbura mkopo wa namna hii una jina: watu huuita Banki Lambert. Jina lilitoka kwa benki halisi ya Ubelgiji, ambayo mwaka 1975 iliungana na nyingine ikaitwa Banque Bruxelles Lambert. Lambert wa mitaani hana uhusiano wowote nayo. Hana jengo, hana leseni, hana dirisha la malalamiko. Ana duka, au kiti chini ya mwembe, au simu tu. Na ana fedha taslimu saa yoyote. Tanzania nao wana jina lao, nalo ni la kweli zaidi: wao huita mikopo kausha damu.

Nguvu ya Lambert ni wepesi wake. Benki ya kawaida hutaka barua ya mwajiri, hati tatu za mishahara, sahihi ya mdhamini na subira ya siku kadhaa. Maiti haingoji siku kadhaa. Lambert hutaka kitu kimoja tu cha kushika: hundi iliyokwisha kutiwa sahihi, au kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Askari yule aliacha kadi. Masharti yalisemwa kwa mdomo, kwa sauti ya upole, kama mtu anayemwombolezea mwenziwe: faranga 200,000, na riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi bwana yule atakwenda mwenyewe benki, atatoa mshahara, atakata faranga 60,000 zake na kumrudishia askari kilichobaki. Atakapoletewa zile 200,000 kwa mkupuo mmoja, kadi itarudi.

"Na ikiwa nitaleta zote baada ya wiki moja?" askari aliuliza.

"Mwezi ni mwezi, afande," alijibu. "Lakini ukileta, riba ni ile moja tu, na mambo yamekwisha."

Hapo askari alitulia moyo. Alijua desturi. Kwa Warundi mfiwa haachwi peke yake. Siku ya kumaliza matanga ya kwanza, ambayo huitwa guca ku mazi, ndugu, majirani na wenzake wa kazi huja na bahasha. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa mpangilio wa siku: jeneza hudaiwa Jumatano, na bahasha huja wiki inayofuata. Alihitaji daraja la siku nane tu. Kwa daraja la siku nane, faranga 60,000 aliziona kuwa ghali, lakini si za kuua.

Hesabu yake haikuwa mbaya. Ingeliwezekana kabisa kutimia, kama wangeliijua watu wawili.

BAHASHA ZA MAJIRANI

Mazishi yalikwenda vizuri. Siku ya nane bahasha zilifika kama ilivyotazamiwa, zikapokewa na mkewe, kwa kuwa ndivyo ilivyo desturi ya nyumba yao: mambo ya wageni ni yake. Zilipofunguliwa zilitoa faranga 340,000. Fedha hizo zilitosha kulipa deni, kulipa riba ya mwezi mmoja, na kubaki na faranga 80,000.

Lakini mama huyu hakujua kuwa liko deni. Yeye alijua kwamba wenzake wa kazini walimsaidia mumewe. Siku zile nane za matanga alikuwa amelala katika nyumba ya mama mkwe, na usiku aliziona nyota kupitia matundu ya bati. Masika ya Septemba yalikuwa yanakuja. Mjane atabaki peke yake chini ya bati lile. Basi, kabla ya kurudi Bujumbura alimwita shemeji yake, wakashuka pamoja hadi mjini Muramvya, wakanunua mabati mapya na misumari, wakamlipa fundi. Jioni alimweleza mumewe kwa furaha ya mtu aliyefanya jambo jema bila kuambiwa.

"Nimemwezekea mama. Fedha za bahasha zimetosha, na baki kidogo iko hapa ya nauli."

Askari alimtazama mkewe kwa muda. Nafasi ya kusema ilikuwa pale, baina ya sentensi ile na ile itakayofuata. Angaliweza kumwita kando na kumweleza yote. Pengine fundi angesubiri, na duka lingekubali kurudishiwa mabati. Lakini mama yake alikuwa amesimama mlangoni akilia kwa shukrani, na mkewe alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile.

"Umefanya vyema," alisema.

Kwa maneno mawili hayo deni la siku nane liligeuka kuwa la miezi.

MIEZI YA KUKATWA

Mwisho wa Julai faranga 60,000 zilikatwa. Mwisho wa Agosti zilikatwa tena. Septemba, shule zilipofunguliwa, mtoto wa pili alikwenda shule ya bweni na godoro la kuazima. Mke alipouliza kwa nini mshahara umepungua, alijibiwa kwamba serikalini wamekata. Akauliza wamekata nini, akajibiwa mchango. Akauliza mchango gani. Akajibiwa kwa ukali ambao haukuwa desturi ya nyumba ile.

Hapo ndipo deni la siri linapoanza kula zaidi ya fedha. Mtu aliyekopa waziwazi hurudi nyumbani akiwa na deni moja. Aliyekopa kwa siri hurudi akiwa na deni, na uongo wa kulifunika, na hasira ya kuulinda ule uongo. Watoto walianza kujua tarehe za mwezi kwa uso wa baba yao. Mama naye, kwa kukosa jibu, alijitengenezea jibu lake mwenyewe. Na jibu ambalo mke hujitengenezea mshahara unapopungua linajulikana. Alianza kunusa mashati.

Mwisho wa Novemba askari alipangiwa kazi ya wiki mbili Makamba. Kwa kawaida anaposafiri siku za mshahara humwachia mkewe kadi ya benki. Jioni ya kuondoka mkewe alinyoosha mkono.

"Baba watoto, kadi."

"Iko kazini."

"Kazini hawaweki kadi za watu."

Mtoto mdogo alikuwa anakula ugali na ndagala; aliacha kutafuna. Askari alikaa kitini, akavua kofia, akaieleza habari yote tangu Jumatano ya Julai hadi jioni ile. Alipofika kwenye habari ya mabati hakuweza kuendelea. Mkewe hakupiga kelele. Alisimama, akaingia chumbani, akatoka na kijitabu kidogo cha jalada la bluu, akakiweka mezani mbele yake.

SIRI YA PILI

Kile kijitabu kilikuwa cha ikirimba, chama cha akina mama wa mtaa, ishirini na watano kwa idadi, ambao hukutana kila Jumatano jioni. Ukurasa kwa ukurasa kilikuwa na mihuri: faranga 5,000 kila wiki tangu Januari. Jumatano ile ya msiba alikuwa na takriban faranga 140,000 sandukuni. Kwa sheria ya chama chao mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, kwa asilimia 5 kwa mwezi, na tena uko mfuko wa jamii ambao humpa mfiwa msaada usio na riba. Kwa maneno mengine, asubuhi ile askari alipokuwa akiacha kadi yake dukani, fedha alizozihitaji zilikuwa hatua mia moja kutoka mlangoni pake, ndani ya sanduku ambalo mkewe alikuwa na sauti juu yake.

Mbona hakusema? Naye alikuwa na sababu zake. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Wakati huo aliuza vitenge humo. Asubuhi moja tu iliteketeza mtaji wa miaka sita. Tangu siku ile alijifunza kwamba mwanamke sharti awe na kona yake asiyoijua mtu, maana fedha iliyoonekana huombwa, na ndugu wa mume hawaishi. Kwa miaka kumi aliificha kona ile chini ya godoro. Kisha, Juni 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kwamba noti za zamani za faranga 10,000 na 5,000 zitabadilishwa katika muda wa siku 10. Alipanga foleni na noti zake zilizokunjwa, huku akiomba mumewe asipite njia ile. Hapo ndipo alipojua kwamba chini ya godoro si benki, akajiunga na ikirimba. Lakini siri yenyewe aliendelea nayo.

"Wewe ulificha deni," alimwambia mumewe usiku ule, "na mimi nilificha akiba. Vyote viwili vimelala kitanda kimoja miezi mitano, na havikusalimiana."

HESABU YA MWALIMU

Asubuhi yake walikwenda pamoja kwa jirani yao, mwalimu mstaafu anayeheshimiwa mtaani. Hawakwenda kuomba fedha. Walikwenda kuomba shahidi, kwa kuwa bwana mwenye duka hakuandika kitu chochote. Mzee yule alisikiliza, kisha akachukua kalamu, kama afanyavyo mwalimu hata akiwa mstaafu.

Aliandika safu mbili. Safu ya kwanza: faranga 200,000 kwa asilimia 30 kwa mwezi. Julai, 60,000. Agosti, 60,000. Septemba, Oktoba na Novemba, vivyo hivyo. Jumla 300,000. Chini yake akaandika deni lililobaki: 200,000. Askari alikuwa amelipa mkopo wake mara moja na nusu, na hakuwa amepunguza hata faranga moja.

"Mwanangu," alisema mzee, "benki hutaja riba kwa mwaka, na Lambert hutaja kwa mwezi. Ndiyo maana asilimia 30 ikaonekana ndogo masikioni mwako. Zidisha mara kumi na miwili. Ungeingia benki ukaambiwa asilimia 360 kwa mwaka, ungekubali?"

Safu ya pili aliandika mkopo ule ule kutoka sanduku la ikirimba, kwa siku nane zilizohitajika: 200,000 kwa asilimia 5. Riba ya mwezi, faranga 10,000. Tena hizo 10,000 haziondoki mtaani. Hubaki sandukuni, na mwisho wa mwaka hugawiwa wanachama wote, akiwemo aliyezilipa. Tofauti ya safu hizo mbili haikuwa ya fedha peke yake. Safu ya kwanza ilifanyika nyuma ya duka, mbele ya mtu mmoja anayefaidika mkopaji akichelewa. Safu ya pili ingefanyika mbele ya akina mama ishirini na watano ambao wote hupata hasara mkopaji akichelewa, na kwa hiyo wangemkumbusha siku ya bahasha.

Mzee aliongeza neno moja ambalo linawafaa wote wanaovaa sare. Riba ya kunyonya ni kosa katika sheria ya adhabu ya Burundi. Basi mlinzi wa sheria anapomkabidhi mvunja sheria kadi ya mshahara wake na namba ya siri, amejifunga mikono. Ataanzaje kesho kumkamata mtu anayeshika chakula cha watoto wake?

FEDHA ILIYO NJIANI

Kisa hiki ni cha nyumba moja, lakini shina lake linajulikana sana katika familia za askari: kukopa leo juu ya fedha iliyo njiani. Kuanzia Desemba 2007 wanajeshi wa Burundi walitumikia Somalia chini ya Umoja wa Afrika, kwanza katika AMISOM, kisha kuanzia Aprili 2022 katika ATMIS, ambayo ilimalizika mwishoni mwa 2024. Posho za huko zilijenga nyumba nyingi pembezoni mwa Bujumbura. Lakini mwaka 2016 ulizuka mvutano kuhusu njia ya kuzilipa, na askari walikaa miezi mingi bila kuziona, hadi suluhisho lilipopatikana mapema 2017. Posho hazikupotea; zilichelewa. Kwa mwenye akiba kuchelewa ni usumbufu. Kwa aliyekwisha kukopa kwa asilimia 30 kwa mwezi akitumainia fedha hizo, kuchelewa kwa miezi minne hula zaidi ya mkopo wenyewe.

Tena bei nazo hazisimami kumngoja mtu. Mwaka 2023 bei za vitu nchini Burundi zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Katika hali hiyo dharura huja mara nyingi zaidi, na vishawishi navyo vimeongezeka, kwa kuwa Lambert siku hizi anaweza kukaa ndani ya simu. Huko Kenya na Tanzania programu za kukopesha zilienea kiasi kwamba serikali zililazimika kuingilia: Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa simu mwaka 2022, na mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Baadhi ya programu za namna hiyo zilikuwa na desturi ya kuwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Hapa iko funzo la ajabu: silaha ya mkopeshaji mbaya ni siri. Kwanza humhifadhia mkopaji siri hiyo, baadaye hutishia kuivunja. Ambaye nyumba yake inajua deni lake amekwisha kumnyang'anya mkopeshaji silaha hiyo.

SANDUKU LA KUFULI TATU

Kukopa si dhambi wala si ujinga. Msiba, kuta zilizobomolewa na mvua, mtoto aliyerudishwa kutoka shuleni, haya hayapangwi katika daftari la mwezi, na mwenye mshahara mdogo hana budi kukopa mara kwa mara. Jambo la kuangalia ni mahali pa kukopea.

Vyama vya akiba na mikopo, COOPEC, vilianza Burundi katika miaka ya 1980, na shirikisho lao, FENACOBU, likaundwa 1995. Humo mwanachama mwenye akiba anajulikana kabla ya siku ya dharura, na kujulikana huko ndiko kunakofupisha safari ya mkopo. Mdogo zaidi ya hivyo ni vikundi vya akina mama na majirani. Mtindo wa sanduku ulioenea Afrika ulianzia Niger mwaka 1991, katika eneo la Maradi, kwa vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE. Nchini Burundi vikundi vya namna hiyo hujulikana kwa jina la Nawe Nuze, maana yake, nawe uje. Utaratibu wake ni rahisi, na ubora wake umo katika urahisi huo. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti ambao si mwenye sanduku. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Mkopo huombwa kwa sauti, na sababu yake hutajwa. Hurudishwa katika mwezi mmoja hadi mitatu. Mwisho wa mwaka sanduku hufunguliwa, kila mmoja akachukua akiba yake na faida yake, na mzunguko ukaanza upya.

Nyumba ya askari inaweza kujipima kwa maswali machache kabla ya kukopa popote. Fedha hii itarudi siku gani, na itatoka wapi? Riba inahesabiwa kwa mwaka au kwa mwezi, na jumla yake ni faranga ngapi? Nikilipa nusu, deni litapungua au litabaki vile vile? Mkopeshaji ameshika nini changu? Na la mwisho, ambalo lingeliwaokoa wale wa Buyenzi hata kama wangelisahau mengine yote: je, mwenzangu nyumbani analijua deni hili? Fedha zikija, zitakuja mkononi mwa nani, na yeye atajua ni za kulipia nini?

KADI ILIYORUDI

Jumatano iliyofuata mama yule alisimama mbele ya wenzake, akaomba mkopo wa faranga 200,000, na akataja sababu bila kupunguza neno. Kulikuwa na kimya. Kisha mama mmoja upande wa nyuma akasema kwamba hata mume wake hana kadi tangu Pasaka. Wa pili akasema hivyo hivyo. Mwenyekiti ilimbidi agonge meza ili mkutano uendelee.

Askari aliporudi kutoka Makamba, yeye, mkewe na mwalimu mstaafu walikwenda dukani. Fedha zilihesabiwa juu ya meza, karatasi ya kumaliza deni ikaandikwa na kutiwa sahihi, kadi ikarudi. Siku ile ile alikwenda benki kubadilisha namba ya siri. Bwana mwenye duka hakukasirika. Alisema tu kwamba mlango uko wazi wakati wowote.

Haikuwa bure. Mgao wa Desemba wa yule mama ulikwenda wote kwenye deni, na cherehani ya pili, aliyoitamani mwaka mzima, haikununuliwa. Mtoto wa bweni alimaliza muhula na godoro lile lile la kuazima. Zile faranga 300,000 za riba haziwezi kurudi kamwe. Hata maneno baina ya mume na mke hayakulainika kwa siku moja, kwa kuwa mtu aliyenusa mashati kwa miezi mitatu hasahau upesi, na aliyenuswa vile vile.

Lakini ukutani, karibu na kalenda, sasa limening'inizwa daftari. Upande mmoja huandikwa madeni, upande wa pili akiba, na kila mmoja huandika kwa mkono wake. Machi 2025 mvua ilibomoa ukuta wa jiko usiku. Asubuhi askari alivaa viatu, akachukua kofia, akafika hadi langoni. Hapo alisimama kidogo, kisha akarudi ndani, akavuta kiti mbele ya cherehani.

"Mama watoto," alisema, "tuhesabu kwanza."